Mama Mkwe, Nimekwenda kwa Bi Mize

Mama,

Rehema za Mola ziwe nawe huko uliko, na pahala pako pawe pana na penye mwanga. Leo Ijumaa. Duka nimelifunga mpaka watu watoke msikitini, nami nimekaa mezani na kalamu badala ya mkasi. Nina jambo la kukwambia. Siku nyingi nalikwepa, kwa hiyo nalisema mwanzo nisije nikakimbia: nimekwenda kwa Bi Mize.

Najua. Ungelikuwepo, sasa hivi ungelivua miwani ukaiweka juu ya meza, taratibu, na hapo kila mtu angelijua pana neno linakuja. Miaka yote niliyokaa nawe, jina lile halikutajwa dukani. Mteja akilitaja, ulikuwa ukitia sindano mdomoni na kunyamaza mpaka aondoke. Basi nisikilize kwanza, kama ulivyokuwa ukiwasikiliza wateja wenye hasira, halafu uhukumu.

Ulianguka mwezi wa Shaaban, asubuhi, pasi mkononi, kanzu ya mtu ipo nusu. Siku tatu hospitali. Ya nne tukakurudisha nyumbani umefunikwa. Hukusema neno, na mimi, nisikufiche, nilikuwa nalingoja neno. Mara mbili ulinambia utaandika wasia, cherehani moja iwe yangu. "Baada ya Ramadhani, inshaallah," ukasema. Ramadhani ikaingia bila ya wewe.

Kwa hiyo kila kitu kikawa cha warithi, na mimi si mrithi. Kwa sheria mimi nani kwako? Mke wa zamani wa mwanao, basi. Wewe ndiye uliyekuwa hulitaki hilo neno "zamani". Siku Khamis aliponiandikia talaka, baada ya miaka saba ya kungoja mtoto asiyekuja, nilikuja dukani Kiponda kuchukua mkasi wangu na kuaga. Hukuinua kichwa. Ulikuwa na gauni la mtu mapajani. Ukasema, "Khamis kakuacha yeye. Mimi sijakuacha. Kaa, hilo pindo halijesha." Nikakaa. Pindo lile limechukua miaka kumi na moja.

Usimlaumu Khamis. Alikuja akasimama mlangoni, haingii, kama mtoto aliyevunja sahani. "Saumu," akanambia, "ingelikuwa yangu peke yangu ningelikuachia. Lakini dada yangu ana haki yake." Nikamwambia haki ni haki. Cherehani zote tatu zikapakiwa kwenye pikapu siku ile ile. Mwenye nyumba naye chumba akakikodisha kwengine, na pale tulipokuwa tukikaa goti kwa goti sasa pana vikapu vya karafuu na mdalasini, vya kuwauzia wageni. Nikipita mtaa ule napita upande wa pili.

Nikakukasirikia, Mama. Lazima niliseme hili pia. Siku kadhaa sikukusomea hata Fatiha. Nilijiambia, mtu amejua kusitiri nguo za mji mzima, kwa nini asinisitiri mimi kwa mstari mmoja wa wino?

Kilichonirudisha ni nguo za watu. Unakumbuka tulikuwa na furushi la kazi ambazo hazijamalizika? Nilikwenda nalo kwa shangazi yangu Mtoni, nguo kumi na nne. Suruali za kukatwa, mabaibui mawili, sare za skuli, koti la mzee mmoja lililochanika bitana. Cherehani sina. Nikazishona kwa mkono zote, mshono mdogo mdogo, ule wako wa kurudi nyuma kila hatua. Nikimaliza moja, naikunja, napanda gari kwenda mjini, nagonga mlango wa mwenyewe. Kila mlango naulizwa lile lile: "Wewe si yule wa Bi Rukia? Sasa upo wapi?"

Wa Bi Rukia. Katika nyumba ya kumi sikuweza kujibu. Nilishika ukuta nikalia, na yule mama mwenye baibui akanivuta ndani akanipa maji. Jioni ile nikakusomea Yasini nzima, na hapo hapo nikaazimia nitafute pahala na cherehani, iwe iwavyo.

Kuazimia ni rahisi. Kupata mtu wa kukushika mkono ndiyo kazi.

Kwanza palikuwa na kijana wa mikopo ya haraka, saini leo, pesa kesho. Nikakumbuka maneno yako: riba ni nondo, utafungua kabati ukute tundu tu. Nikamrudishia fomu yake.

Halafu wakaja watu wa mradi wa kuwasaidia wanawake. Wapole, wana kamera, wametupanga kwenye viti vya plastiki. Dada mmoja akaniuliza natengeneza nini. Nikasema sitengenezi, narekebisha: napunguza, naongeza, natia zipu, natia viraka. Akatazama karatasi yake, hapana kisanduku cha mtu kama mimi. Akasema wao wanasaidia bidhaa, kitu ambacho mtalii atakichukua kwenda nacho kwao. "Huwezi kushona mikoba ya kitenge?" Naweza, Mama. Lakini mikoba ya kitenge Mji Mkongwe ipo kila mlango, na mtoto aliyerefuka sketi ikampanda magotini mkoba hautamsaidia kitu. Nilipiga picha nao nikarudi nyumbani.

Mwisho, sheha wa mtaa wetu hapa Mtoni akanambia upo mfuko unaokopesha wafanyabiashara wadogo bila ya riba. Nikaenda ofisini kwao. Nikampata binti mmoja anaitwa Raya, umri wa kuweza kuwa mdogo wangu, uso wa upole lakini hadanganyiki. Akataka barua ya sheha, kitambulisho na mpango wa biashara. Barua na kitambulisho ninavyo. Mpango nikauandika usiku, nikaupeleka asubuhi, nusu ukurasa. Nilisema naomba cherehani, na kwamba nitafanya kazi kwa bidii na uaminifu, na Mungu ndiye mtoaji.

Raya akasoma, akauweka chini. "Dada Saumu," akasema, "hii ni dua. Si mpango."

Nikacheka, Mama, mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Naye akacheka. Akageuza karatasi upande mweupe. "Niambie tu, Jumatatu asubuhi nani anagonga mlango wako?"

Basi nikamwambia. Wafanyakazi wa hoteli, wanaopewa sare za kipimo kimoja, mwembamba na mnene wote sawa, na wanaona haya kusimama mbele ya wageni mashati yanawapwaya. Wazazi kabla ya skuli kufunguliwa, kuteremsha mapindo. Mwenye nguo ya mitumba nzuri ila pana. Mjane aliyetoka eda amekonda, hataki kununua nguo mpya, anataka zile zile ambazo marehemu mumewe alizijua, zimkae. Mtalii mwenye zipu iliyokufa na ndege yake saa kumi. Nilisema mpaka koo likakauka, na Raya anaandika. Alipomaliza akatazama mikono ya koti lake, aliyoikunja mara mbili. "Mimi mwenyewe hii nimeikunja tangu siku niliyoajiriwa," akasema. Mpango wetu ukawa kurasa tatu.

Lakini likabaki moja. Kamati yao hairidhiki na karatasi. Inataka fundi mwenye leseni na jina, aje mbele yao aseme: mkono huu naujua, na nausimamia. Ungelikuwa hai ungelikuwa wewe.

Nilikwenda kwa mafundi wawili wa kiume unaowajua. Mmoja akataka nikakae kwake nimshonee. Wa pili akasema wazi, bila ya ubaya, hawezi kumwezesha mtu atakayemchukulia wateja. Nikarudi kwa sheha kuuliza, na yeye akashangaa. "Mbona huendi kwa Bi Mize? Yeye na marehemu si walikuwa duka moja?"

Nilikaa na neno hilo siku tano.

Ana duka Vikokotoni, chumba kirefu chenye kiza, na yeye kakaa mwisho karibu na dirisha, mrefu hata akiwa kitini, Mtumbatu mtupu kwa sura na kwa lafudhi, kanga kajifunga kiunoni juu ya gauni. Nilisimama mlangoni nikasema, "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. We ndiye mkaza mwana wa Rukia."

"Naam."

"Nlisikia kafa. Sikuja mazikoni."

"Naam."

Hakunikaribisha kiti. Nikamweleza nilichokuja nacho, nimesimama, maneno yananigongana. Alinisikiliza anashona. Nilipomaliza, akaninyooshea koti la kiume lililokuwa mezani. "Lipunguze mgongoni. Hapa hapa, kwa mkono. Nnataka kuona."

Nikakaa chini juu ya mkeka nikafumua. Unajua mwenyewe, uzi ukishaingia kitambaani mikono yangu hutulia. Nikawa nashona na yeye anasema, hanitazami.

"Alikwambia kwa nini tuligombana?"

"Hakunambia, Bi Mize."

Akanihadithia. Nakuandikia alivyosema ili ujue nimeyasikia kwake. Kwamba mlikuwa mkishona pamoja tangu wasichana. Kwamba mlipata kazi ya gauni la harusi, nyumba ya watu wakubwa, na wewe ukampima bibi harusi peke yako nyuma ya pazia. Vipimo ukampa yeye akate. Akaona kiuno kipana kuliko mwili wa msichana, akafikiri umekosea, na kwa mapenzi yake kwako, ili usitahayari, akakipunguza bila ya kukwambia. Siku ya harusi gauni likakataa kufunga. Ukaitwa. Ukalifungua ubavuni, ukatia vipande, likafunga. Na mbele ya wanawake wote wa nyumba ile ukasema, kwa sauti: "Mize kakosea kukata."

"Mwaka mzima sikupata bibi harusi hata mmoja," akasema. "Mimi, niliyekuwa nakata nimefumba macho."

Akaweka kazi yake chini. Kwa mara ya kwanza akanitazama sawasawa. "Miaka yote hii najiuliza kwa nini alitaka kiuno kile kiwe kipana. We umekaa naye. Unajua?"

Mama, nilikuwa najua.

Unaikumbuka siku ile. Mwaka wangu wa kwanza dukani, mwanamke mmoja alikuja na mtoto, akakukumbatia akalia, akasema, "Bi Rukia, ulinisitiri." Jina lake siandiki hata hapa, ambapo msomaji ni wewe tu. Alikuwa na mimba siku ya harusi yake, na wewe ulijua mikono yako ilipomgusa kiunoni, na ukaona bora lawama imwendee fundi kuliko aibu imwendee yeye. Alipoondoka ukanigeukia. "Ulichokisikia kishashonwa. Usikifumue."

Nilikuwa nimeshika sindano na koti la Bi Mize. Neno moja tu lingelitosha. Angelijua hukumdharau wala hukumwonea wivu. Pengine angelilia, angelinishika mkono, angelitia saini mara kumi. Na wewe huko ulipo ungelipunguziwa mzigo. Nilifungua mdomo, Mama. Nakiri nilifungua.

Nikamwona yule mwanamke na mtoto wake.

Nikasema, "Bi Mize, kama najua, si langu kulisema. Lakini najua Mama alikukosea, na kwa niaba yake nakuomba radhi."

Akaiokota kazi yake, akaiweka tena. Nje mtu anauza mabungo, anapita anarudi. Halafu Bi Mize akacheka, kicheko kikavu, hakina furaha wala hakina chuki.

"Huyo Rukia huyo," akasema. "Kakufunza."

Akachukua koti mikononi mwangu, akaligeuza ndani nje, akapitisha ukucha juu ya mshono kama ulivyokuwa ukipitisha wewe. "Unadhani mimi mjinga? Nlikuwa nakupima tu. Mimi mwanamke, na kuhesabu miezi najua. Mtoto yule alipozaliwa nkajua yote." Akakohoa, akalikunja koti. "Sikuumia kwa kusingiziwa. Angelinambia mapema, ningelibeba lawama ile mwenyewe, kwa hiari yangu. Kilichoniuma ni kwamba hakuniamini mimi kunambia. Mimi!"

Nikainama nikaokota nyuzi zilizoanguka mkekani. Nadhani hata wewe hungelikuwa na jibu la hilo. Au labda ulikuwa nalo, na ndiyo maana ukitia sindano mdomoni.

Nikamwomba radhi tena kwa ajili yako. Akasema, "Radhi hiyo angeileta mwenyewe." Akanyanyuka, akavaa baibui lake. "Haya, twende huko kwa kamati yenu. Au unataka wafunge?"

Ningelitaka ungelimwona mbele ya wale watu, Mama. Wanaume wawili, mwanamke mmoja na Raya pembeni na karatasi zake. Wakamuuliza ananijua tangu lini. Akasema, "Tangu asubuhi." Mmoja akaguna. Bi Mize akatoa lile koti kwenye kikapu chake, akaliweka mbele yao limegeuzwa ndani nje. "Mtu humjui kwa maneno yake," akasema. "Tazameni ndani ya nguo, pahala ambapo hapana atakayetazama. Huyu kashona ndani kama nje. Aliyemfundisha alikuwa fundi bora kuliko mimi, na mimi nimekata nguo za mji huu kabla hamjazaliwa. Nipeni hiyo kalamu."

Alisema bora kuliko yeye. Kwa kinywa chake. Nimeliandika neno kwa neno.

Hatukupewa vyote tulivyoomba. Raya alinishika mkono akanieleza kwa upole, mfuko ni mdogo na waombaji ni wengi. Lakini nimepata cherehani mbili, na chumba cha mbele nyumbani kwa shangazi, kinachotazama barabara ya Bububu. Nimepaka chokaa mwenyewe. Hoteli moja imeniletea sare zake, na asubuhi moja nilimpima mpishi mnene ambaye shati lake lilikuwa halifungi tangu mwaka juzi. Alipolivaa limeshapanuliwa alijitazama kiooni akageuka upande, akageuka tena, akaondoka anatembea kama bwana harusi. Nilitaka nikuite uone.

Khamis naye alikuja. Ameongezeka, mkewe wa Kiembe Samaki anapika vizuri, masha'allah. Alileta suruali tatu za kupanua kiuno. Alikaa akatazama chumba, akasema, "Panafanana na kwa Mama." Nikamtoza kama ninavyomtoza mtu mwengine yeyote, na tukaagana kwa wema. Donge nililokuwa nalo kifuani kwa ajili yake sikulikuta tena.

Na Bi Mize. Macho yake yamechoka, zile kazi ndogo ndogo hawezi tena, kwa hiyo ananiletea mimi. Kila Alhamisi anakuja na furushi, anasema anapita tu, anakaa mpaka alasiri. Ananikosoa. Anasema mapindo yangu yamebana mno na chai yangu nyepesi. Wewe hakutaji. Wiki ya tatu, anatafuta kifungo kwenye kopo, akaniuliza kama vile anauliza bei ya uzi, "Kazikwa wapi?" Nikamwambia Mwanakwerekwe, karibu na marehemu baba wa Khamis. Akasema "Hm", akaendelea na vifungo.

Jana ilikuwa Alhamisi. Alikuwa anashindwa kutunga uzi, anajaribu na kujaribu, nami naogopa kumsaidia asije akakasirika. Mwisho akaninyooshea sindano, hakunitazama, akasema, "Yule nshamsamehe. Duniani na akhera. Usinifanye niseme mara ya pili."

Nikatunga uzi, nikamrudishia sindano. Machozi niliyafuta kwa kitambaa cha mteja, na nikalazimika kukifua.

Kwa hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Nilidhani nakuandikia kukuomba msamaha kwa kwenda nilikokwenda, kumbe nna habari ya kukupa. Limeondoka, Mama. Lile lililokuwa likikukalia na hukuweza kulisema, mwenyewe kaliondoa, na siri ya mtu haijaguswa.

Wasia ambao hukuandika nshakusamehe na mimi. Duniani na akhera.

Wanatoka msikitini sasa, nasikia viatu barabarani, na yupo mtu kashika mlango. Nakuaga. Nakuahidi mambo mawili, na yote nitayaweza: mwili nitakaoupima, mdomo wangu nitaufunga juu yake, na Bi Mize, siku mikono yake itakaposhindwa kabisa, hatakaa peke yake kwenye chumba kile chenye kiza. Atakaa hapa karibu na mlango, penye mwanga, anikosoe mpaka achoke.

Lala salama, Mama. Ngoja nimfungulie mteja.

Mwanao,
Saumu